Umbali, Muda wa Kuruka na Muda wa Safari: Somo kwa Abiria wa Ndege kati ya Dodoma na Dar es Salaam



Miongoni mwa maswali ambayo abiria huuliza kabla ya kukata tiketi, hakuna lililo la kawaida kuliko hili: "Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa ndege ni muda gani?" Jibu analopewa kwa kawaida ni fupi: "Ni saa moja tu." Jibu hilo si la uongo, lakini halijitoshelezi. Abiria anayelichukua kama lilivyo na kulitumia kupanga usaili wa kazi, shauri mahakamani, miadi ya hospitali au safari ya kuunganisha kwenda nje ya nchi, anaweza kupoteza zaidi ya nauli.

Somo hili linakusudia kumwezesha msomaji kufanya mambo manne: kutofautisha umbali wa angani na umbali wa ardhini, kuelewa muda ulioandikwa kwenye tiketi unapima nini, kukadiria safari yake nzima tangu anapofunga mlango wa nyumba yake hadi anapofika mahali alipokusudia, na kuzitambua haki na wajibu wake endapo safari itachelewa.

1. Umbali upo wa namna zaidi ya moja

Dodoma na Dar es Salaam zina umbali zaidi ya mmoja kati yake. Kwa barabara inayopita Kibaha, Chalinze, Morogoro, Dumila, Gairo na Kibaigwa, umbali ni takriban kilomita 450. Reli haiandamani na barabara hiyo mwanzo hadi mwisho: baada ya Morogoro inaelekea Kilosa, inapita Kidete na Gulwe, kisha inaingia Dodoma. Ndege haina haja ya kuzunguka milima ya Ukaguru wala kufuata mabonde ya mito. Umbali wake hupimwa kwa mstari mnyoofu juu ya uso wa dunia, nao kati ya viwanja viwili vya miji hii ni takriban kilomita 390.

Msomaji anaweza kulihakiki jambo hili mwenyewe. Achukue ramani ya Tanzania yenye kipimio cha 1 kwa 2,000,000, ambapo sentimita moja inawakilisha kilomita 20. Akiweka rula kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ataona karibu sentimita 19 na nusu. Akizidisha kwa 20 atapata kilomita 390.

Tofauti kati ya umbali wa barabara na ule wa angani hailingani kwa kila njia. Tazama mifano mitatu inayoanzia Dodoma:

Dodoma hadi Dar es Salaam: angani takriban kilomita 390, barabarani takriban 450.

Dodoma hadi Arusha: angani takriban kilomita 325, barabarani kupitia Kondoa na Babati takriban 425.

Dodoma hadi Mwanza: angani takriban kilomita 520, barabarani kupitia Singida, Nzega na Shinyanga takriban 700.

Njia ya Arusha ina funzo la pekee. Kabla ya barabara ya Dodoma hadi Babati kukamilika kwa lami na kuzinduliwa mwaka 2018, wasafiri wengi wa mabasi kati ya miji hiyo walilazimika kuteremka hadi Morogoro na Chalinze, kisha kupanda tena kupitia Korogwe na Moshi, mzunguko uliokuwa karibu maradufu ya njia ya sasa. Umbali wa angani haukubadilika hata kwa hatua moja. Kilichobadilika ni umbali ambao mwananchi alilazimika kuusafiri. Kwa hiyo anayelinganisha ndege na basi asitumie hesabu alizorithi kwa wazee wa jana. Aulize barabara na reli zilivyo leo.

2. Muda ulioandikwa kwenye tiketi unapima nini

Tuseme tiketi inaonesha kwamba ndege itaondoka Dar es Salaam saa 1:00 asubuhi na kufika Dodoma saa 2:10 asubuhi. Abiria wengi hudhani kwamba ndege itakuwa angani kwa muda wote huo wa saa moja na dakika kumi. Sivyo. Muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama mahali pa kuteremshia abiria. Ndani yake kuna kutembea ardhini kuelekea njia ya kurukia, kusubiri ruhusa ya waongozaji wa ndege, kuruka kwenyewe, kutua, na kutembea tena ardhini hadi kwenye maegesho. Aidha, mashirika huongeza dakika chache za akiba ili ucheleweshaji mdogo usivuruge ratiba ya siku nzima.

Ukigawa umbali kwa mwendo wa ndege utapata jibu dogo zaidi. Ndege ya mapangaboi aina ya ATR 72 husafiri kwa takriban kilomita 500 kwa saa inapokuwa imetulia angani. Kwa kilomita 390, hesabu inatoa kama dakika 47. Airbus A220 yenye injini za jeti inaweza kwenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa, na hesabu hiyo hiyo inatoa chini ya dakika 30. Mbona basi ratiba za ndege hizi mbili hazitofautiani kwa kiasi hicho?

Sababu ni kwamba safari hii ni fupi. Sehemu kubwa yake hutumika katika kupanda na kushuka, na katika hatua hizo ndege haiendi kwa mwendo wake wa juu. Jeti haijatulia vizuri angani kabla rubani hajaanza kuiandaa kwa kutua. Katika safari ya kwenda Mumbai au London tofauti ya mwendo huonekana wazi. Katika safari ya Dodoma huwa ni ya dakika chache. Mtumiaji hana haja ya kulipa nauli kubwa zaidi kwa sababu tu ameambiwa kwamba ndege fulani "inakimbia sana".

Upepo nao una neno lake. Chukua ndege yenye mwendo wa kilomita 500 kwa saa na upepo wa kilomita 40 kwa saa unaovuma kutoka mashariki. Ikielekea Dodoma inasukumwa kwa nyuma, hivyo juu ya ardhi huenda kilomita 540 kwa saa na kumaliza kilomita 390 kwa dakika 43 hivi. Ikirudi Dar es Salaam inapambana na upepo huo huo, huenda kilomita 460 kwa saa, na hutumia karibu dakika 51. Kwa hiyo kwenda na kurudi si lazima kulingane, wala dakika saba au nane za tofauti si dalili kwamba rubani amepotea njia.

3. Uwanda wa juu na hali ya hewa ya Dodoma

Kiwanja cha ndege cha Dodoma kipo takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, ilhali kile cha Kimataifa cha Julius Nyerere kipo chini ya mita 60. Hewa ya uwanda wa juu ni nyepesi kuliko ya pwani, na jua la mchana huifanya iwe nyepesi zaidi. Mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua ndege, injini nazo hupungukiwa nguvu. Joto la Dodoma likifikia nyuzi 30 za Selsiasi, ndege hujiendesha kana kwamba kiwanja kipo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900.

Jambo hili si la kumtia abiria hofu, kwa kuwa marubani hulikokotoa kabla ya kila safari. Hata hivyo lina matokeo anayopaswa kuyafahamu: katika mazingira fulani ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia au kupunguziwa uzito. Hiyo ni sababu mojawapo ya msisitizo wa mashirika juu ya kilo za mizigo. Ni sababu pia ya kiwanja kipya cha Msalato, nje ya jiji upande wa barabara ya kwenda Arusha, kupangiwa njia ya kurukia yenye urefu wa kilomita 3.6.

Msalato una funzo jingine. Kiwanja cha zamani cha Dodoma kimo ndani ya mji, na abiria anayeshuka hapo hufika katikati ya jiji kwa dakika chache za bajaji. Kiwanja kilicho nje ya jiji kinaweza kupokea ndege kubwa zaidi, lakini kinamwongezea abiria safari ya barabarani. Kabla ya kupanga muda wako, hakikisha tiketi inataja kiwanja kipi.

4. Kutoka mlango hadi mlango

Muda wa kuruka haumfikishi mtu popote. Unaomfikisha ni muda wa safari nzima. Tufanye hesabu ya mfano kwa abiria anayeishi Mbezi, Dar es Salaam, na anayekwenda katikati ya Dodoma. Dakika hizi ni za kufundishia. Msomaji aweke zake kulingana na mahali anapoishi.

Kwa ndege: nyumbani hadi kiwanjani, saa moja na dakika 15, kuwahi kiwanjani kabla ya kuondoka, saa mbili, muda wa ratiba, saa moja na dakika 10, kusubiri mizigo na kutoka, dakika 30, kiwanjani hadi mjini, dakika 20. Jumla ni saa tano na dakika 15.

Kwa treni ya reli ya kisasa: nyumbani hadi stesheni, saa moja na dakika 30, kuwahi stesheni, saa moja, ndani ya treni, saa tatu na dakika 45, kutoka stesheni, dakika 20, kuingia mjini, dakika 20. Jumla ni saa sita na dakika 55.

Kwa basi: nyumbani hadi kituoni, dakika 30; kuwahi kituoni, dakika 30; njiani, saa tisa; kituoni hadi mjini, dakika 30. Jumla ni saa kumi na dakika 30.

Anayetazama tiketi peke yake ataona kwamba ndege inaishinda treni kwa saa mbili na dakika 35. Anayehesabu kutoka mlango hadi mlango ataona kwamba tofauti imeshuka hadi saa moja na dakika 40. Ndege bado ina kasi zaidi, nasi hatumshauri mtu aiache. Tunamshauri ajue ananunua nini. Kama saa moja na dakika 40 zina thamani kwake kuliko tofauti ya nauli, apande ndege kwa moyo mweupe. Kama hazina, ana hiari nyingine.

Hiari hiyo ni mpya. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na kwa zaidi ya karne moja treni haikuweza kushindana na ndege kwa muda. Huduma ya abiria ya reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza Julai 2024, kwa treni za umeme zilizosanifiwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Wenzetu wa Ulaya walipitia badiliko kama hilo. Kati ya London na Paris kuna takriban kilomita 340 kwa mstari mnyoofu, na ratiba ya ndege ni ya zaidi kidogo ya saa moja. Treni ya chini ya mlango wa bahari ilipoanza mwaka 1994 ilichukua karibu saa tatu. Baada ya reli ya kasi ya upande wa Uingereza kukamilika mwaka 2007, muda huo ulishuka hadi saa mbili na robo hivi. Kwa kuwa stesheni zipo katikati ya miji, wasafiri wengi waliona kwamba chombo chenye mwendo mdogo kinaweza kumfikisha mtu mapema zaidi.

5. Saa za tiketi na saa zetu

Tiketi za ndege huandikwa kwa mfumo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane, ilhali sisi huhesabu saa kuanzia machweo na macheo. Makosa yanayotokana na tofauti hii ni ya gharama, nayo huepukika kwa kanuni nyepesi:

Saa za tiketi kuanzia 01 hadi 06: ongeza 6. Tiketi ikisema 06:30, ni saa 12:30 asubuhi.

Kuanzia 07 hadi 18: toa 6. Tiketi ikisema 14:00, ni saa 8:00 mchana.

Kuanzia 19 hadi 23: toa 18. Tiketi ikisema 20:15, ni saa 2:15 usiku.

Saa 00 ni saa 6 usiku.

Hiyo saa 00 ndiyo yenye mtego mkubwa. Tiketi ikiandikwa tarehe 15, saa 00:45, ndege inaondoka saa 6:45 usiku wa kuamkia tarehe 15. Abiria anatakiwa awe kiwanjani jioni ya tarehe 14. Anayekwenda usiku wa tarehe 15 atakuta ndege yake iliondoka tangu jana, na kwa kawaida kosa hilo huhesabiwa kuwa lake.

Pamoja na hayo, kila saa kwenye tiketi ni saa ya mahali husika. Dodoma na Dar es Salaam hutumia saa moja, hivyo hakuna hesabu ya kufanya. Muscat ipo mbele yetu kwa saa moja. Tiketi ikionesha kuondoka Dar es Salaam 16:00 na kufika Muscat 22:30, usiseme safari ni ya saa sita na nusu. Toa saa moja, nayo inabaki saa tano na nusu.

6. Akiba ya muda: mifano miwili

Mfano wa kwanza. Kijana ameitwa kwenye usaili wa kazi ya serikali jijini Dodoma, saa 3:00 asubuhi. Anakata tiketi ya ndege inayoondoka Dar es Salaam saa 1:00 asubuhi na kufika saa 2:10. Anaona amebakiwa na dakika 50, na moyo wake umetulia. Lakini akitoa dakika 30 za kusubiri mzigo na kutoka, na dakika 20 za kufika ukumbini, hana hata dakika moja. Ndege ikichelewa kwa robo saa tu, jina lake litaitwa naye hayupo. Shirika linaweza kuomba radhi, lakini halina uwezo wa kurudisha usaili.

Angefanyaje? Angeweza kusafiri jana yake na kulala Dodoma. Gharama ya chumba cha usiku mmoja katika nyumba ya wageni ni ndogo ukiilinganisha na nafasi ya kazi iliyosubiriwa kwa miaka. Kama hilo haliwezekani, angesafiri na begi la mkononi pekee, akajipunguzia dakika za kusubiri mzigo. Lakini hata hivyo angebaki na akiba finyu. Kanuni tunayoipendekeza ni hii: kwa jambo linaloweza kuahirishwa, weka akiba ya saa mbili baada ya muda wa kufika, kwa jambo lisiloahirishika, fika siku moja kabla.

Mfano wa pili. Binti wa Kondoa amepata safari ya Muscat. Anakata tiketi mbili tofauti: moja ya Dodoma hadi Dar es Salaam kwa shirika moja, nyingine ya Dar es Salaam hadi Muscat kwa shirika jingine, kwa kuwa jumla ya bei ilikuwa nafuu. Ndege ya kwanza imepangwa kufika 14:10, ya pili inaondoka 16:00. Kati yake kuna saa moja na dakika 50. Ndani ya muda huo anapaswa kuchukua mizigo yake, kuhamia Jengo la Tatu la abiria, lililoanza kutumika mwaka 2019 kwa safari za kimataifa, kukabidhi mizigo upya, na kupita ukaguzi wa usalama na uhamiaji. Hata ndege ya kwanza ikifika kwa wakati, dawati la pili linaweza kuwa limeshafungwa au li karibu kufungwa.

Hapa ndipo tofauti ya tiketi moja na tiketi mbili inapojitokeza. Safari zote mbili zikiwa ndani ya tiketi moja, mashirika yameichukulia kuwa safari moja, na abiria akikosa ndege ya pili kwa sababu ya kuchelewa kwa ya kwanza, ana msingi wa kudai apelekwe hadi mwisho wa safari yake. Zikiwa tiketi mbili, shirika la pili linaweza kumhesabu kuwa abiria asiyetokea, na la kwanza likasema lilimfikisha lilikoahidi. Unafuu wa bei umeondoka na ulinzi. Anayelazimika kukata tiketi mbili basi aache nafasi ya kutosha kati yake, na kwa safari ya nje tunashauri ateremke Dar es Salaam jana yake.

7. Safari ikichelewa: haki na wajibu

Kwa safari za kimataifa, Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Chini ya mkataba huo, msafirishaji huwajibika kwa hasara iliyotokana na ucheleweshaji, isipokuwa athibitishe kwamba alichukua hatua zote zilizostahili kuizuia, au kwamba hatua hizo hazikuwezekana. Kipande cha Dodoma hadi Dar es Salaam kikiwa sehemu ya mkataba mmoja wa safari ya kimataifa, nacho huingia humo. Mzigo ulioharibika hutolewa taarifa ya maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Uliochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa kwako. Haki ya kufungua shauri hupotea baada ya miaka miwili.

Kwa safari za ndani, soma masharti ya usafirishaji yanayoambatana na tiketi kabla ya kulipa, siyo baada ya kuchelewa. Angalia mambo manne: dawati hufungwa dakika ngapi kabla ya kuondoka, tiketi inaweza kubadilishwa tarehe au la, na kwa malipo gani, kilo ngapi za mzigo zimo ndani ya nauli, na shirika linaahidi nini safari ikiahirishwa au kufutwa.

Ucheleweshaji ukitokea, fuata hatua hizi. Kwanza, tunza tiketi, pasi ya kupandia ndege na risiti zote za gharama ulizoingia. Pili, uliza sababu ya ucheleweshaji na uandike muda ulioambiwa. Tatu, wasilisha lalamiko kwa maandishi kwa shirika lenyewe, ukieleza kilichotokea, hasara uliyopata na unachodai. Nne, usiporidhika, lipeleke lalamiko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga lipo ili kutetea maslahi ya abiria, na unaweza kuomba ushauri huko. Malalamiko ya mabasi na treni hupelekwa kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA.

Haki hizi zinakwenda pamoja na wajibu. Abiria aliyefika baada ya dawati kufungwa, aliyekosea tarehe au aliyebeba mzigo uliopita kipimo, hawezi kumbebesha msafirishaji hasara ya kosa lake. Lalamiko lenye nguvu ni lile la mtu aliyetimiza upande wake.

8. Maswali ya kujipima

(a) Tiketi inaonesha 19:40. Kwa saa zetu ni saa ngapi?

(b) Ndege inaondoka tarehe 1, saa 00:20. Unatakiwa kuwa kiwanjani usiku wa kuamkia tarehe gani?

(c) Ndege inafika Dodoma saa 5:10 asubuhi. Shauri lako mahakamani ni saa 6:00 mchana. Ukihesabu dakika 30 za kutoka na 20 za kufika, umebakiwa na akiba kiasi gani?

Majibu: (a) Saa 1:40 usiku. (b) Usiku wa kuamkia tarehe 1, yaani uwahi jioni ya siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia. (c) Huna akiba yoyote. Tafuta ndege ya mapema zaidi au safiri jana yake.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kwa msafiri wa Dodoma tahadhari hiyo ni kalamu na karatasi: andika saa unayotakiwa kufika, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua hadi saa ya kutoka nyumbani. Ukifanya hivyo kabla ya kulipa nauli, utajua kama tiketi unayouziwa inakufaa.